Saruji ya Uani na Kisima Chetu

Kaka,

Haba na haba hukausha kisima. Asubuhi hii pampu imetoa tope, kisha ikakohoa hewa tupu. Tangu umwage saruji ua mzima ili gari lako lisichafuke, mvua haizami ardhini, inakimbilia barabarani. Na wapangaji wanaongezeka kila mwezi. Kisima kitajazwa na nini, jasho lako?

Ndoo mbili za jikoni ni za mama na watoto kunywa. ~~Oga kidogo.~~ Usioge kabisa. Pampu usiiwashe, utaiunguza.

Nimekwenda kumwita fundi wa visima. Naogopa atasema tumechelewa.

Ndiyo, ni mimi niliyevunja saruji pale unapoegesha gari, na nikirudi naendelea. Siombi radhi.

Dada yako