Mbio za Pikipiki Juu ya Ziwa Lililokauka

Saza, Jumanne

Dada yangu Tabita,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Mama na watoto. Mguu wa Mama umepona, au bado anauburuza? Mvua imeshafika Msangano? Huku bado. Mimi ni mzima, isipokuwa ngozi ya viganja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nilikwambia nimetolewa shimo la dhahabu nikawekwa karakana, chini ya mzungu mmoja anayetengeneza mashine. Sisi wafanyakazi tunamwita Bwana Miwani. Ana pikipiki yenye kigari ubavuni cha kukaa mtu wa pili. Mwaka huu Ziwa Rukwa limerudi nyuma sana, limeacha uwanja mkavu ambao ukisimama katikati huoni mti hata mmoja. Wazungu wa machimboni wakaona hapo ndipo pa kushindania pikipiki: kwenda mpaka bendera ya mbali, kuizunguka, na kurudi. Bwana Miwani akanichagua nikae kigarini, nilalie upande kwenye kona tusipinduke.

Unanijua, kitu nisichokielewa huninyima usingizi. Tulipofika siku moja kabla, wenzangu wakipiga hema, mimi nilizunguka uwanjani nikichoma ardhi kwa fimbo. Penye weupe iligonga kama juu ya sakafu. Penye kijivu ilizama mpaka kwenye ngumi yangu, ikatoka na tope jeusi linalonuka. Nikaonja ule weupe. Chumvi!

Nilipomweleza Bwana Miwani alicheka. "Enoki, kazi yako ni kulala upande, si kupima ziwa."

Asubuhi zikaondoka pikipiki tatu. Dada, meno yaligongana, machozi yakanitoka kwa upepo. Niliogopa, na papo hapo nikataka twende kasi zaidi! Bendera tuliizunguka wa kwanza. Wakati wa kurudi akaamua kukata njia, nami nikaona kijivu mbele.

"Bwana, kushoto! Pita kwenye weupe!"

Hakugeuza. Gurudumu likazama, yeye akarushwa akaangukia bega. Nilimkuta amekaa topeni, mkono unaning'inia. Mmoja wa wenzake alikuwa ameshatupita, hakugeuka nyuma. Mwingine hatukumwona kabisa. Baadaye tulisikia tairi lake lilipasuka.

Nilivua shati nikalitandika chini ya gurudumu, nikavuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Pikipiki ilipopanda pagumu, nikamwinua nikamkalisha kigarini.

"Unajua kuendesha?" akauliza.

"Miezi sita natazama mikono yako na miguu yako."

"Basi twende."

Injini ilizimika mara mbili. Ya tatu ikashika. Nilifuata weupe, nikizunguka kila penye kijivu, yeye akiguna kwa maumivu na kunitajia gia. Tukafika wa pili.

Wazungu wakabishana. Mwishowe wakasema haihesabiwi, kwa kuwa mimi sikuandikishwa. Nilimtazama Bwana Miwani anitetee, yeye akainama kutazama bega lake. Hilo liliniuma kuliko viganja.

Lakini jana alikuja karakana, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akavuta boksi akakaa karibu yangu. "Nionyeshe ulivyoijua ile ardhi." Nikamweleza yote, akisikiliza kama mwanafunzi. Kisha akasema, "Ukibaki, nitakufundisha kufungua injini nzima na kuirudisha."

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na nilimwahidi Mama nitarudi kulima. Nimekubali kubaki msimu mmoja. Nisameheni. Nimeshaiendesha mashine ile bila kujua ndani yake mna nini, na siwezi kurudi nyumbani hivyo.

Mwombe shemeji amlimie Mama lile shamba la bondeni. Nisalimie mjomba wetu wa Mbangala, na mwalimu wa misheni aliyenifundisha herufi hizi. Barua hii msomee Mama yote, ila pikipiki inapozama, ruka. Na akikuuliza shati langu jipya liko wapi, mwambie limefanya kazi.

Mdogo wako akupendaye,
Enoki