Jina Ninaloliruka Asubuhi

Mjini Baraka, kando ya ziwa, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walizoanika jirani zangu jana zimelowa zote. Kila mtu amenuna. Mimi nimenuna tangu Jumatatu, na mvua haihusiki.

Wiki hii ni zamu yangu kuongoza maombi ya saa kumi na moja asubuhi. Kazi yenyewe si ngumu. Tuna daftari lenye majina ya watu wetu waliokimbia vita: waliovuka ziwa, waliokwama Uvira, wasiojulikana walipo. Anayeongoza anasoma jina moja moja, na kanisa linaitika, "Bwana, umukumbuke." Majina yanajaza kurasa nne. Tukimaliza kunakuwa kumekucha, kila mtu anashika jembe lake au beseni lake.

Kwenye ukurasa wa pili kuna jina lililopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Rebeka.

Asubuhi nne nimeliruka.

Acha niseme ukweli hapa, maana kanisani sikuusema. Maombi haya aliyaanzisha Rebeka. Mwaka nilipomzika mume wangu, risasi zilikuwa zinalia milimani na mimi sikutaka hata kuamka. Rebeka alikuwa ananigongea mlango kabla ya jogoo, anawasha moto jikoni kwangu, tunapiga magoti pale pale kwenye majivu. Tulikuwa wawili. Baadaye tukawa watano, kisha jiko likajaa ndipo tukaomba kanisa litufungulie mlango. Leo wanajisifu kwamba kanisa letu ni la maombi.

Rebeka ni wa milima ya juu, kwao ni wafugaji, na lugha wanayozungumza nyumbani siku hizi hakuna anayethubutu kuitamka sokoni. Mimi ni Mubembe, kabila jingine. Miaka yote hiyo hatukuwa na haja ya kulisema. Kisha watu wakaanza kurusha mawe juu ya bati lake. Aliondoka asubuhi moja, saa ile ile ya maombi, sisi tukiwa tumefumba macho. Nadhani aliichagua saa hiyo ili asitupe taabu ya kumuaga.

Jumapili mzee wa kanisa aliponikabidhi daftari, aliweka kidole kwenye ule mstari mwekundu. "Mama Esta, ile jina uiruke kwanza. Batu beko na machungu. Mungu yeye anajua."

Nikasema, ndiyo mzee.

Upesi hivyo. Sikuuliza hata swali moja.

Machungu yapo, sikatai. Nyumba ya kaka yangu kule juu ya Fizi ilichomwa, na tunajua waliochoma walizungumza lugha gani. Ng'ombe wa baba yake Rebeka nao walichukuliwa, na waliowachukua walizungumza lugha yangu. Lakini Rebeka hakuchoma nyumba, na mimi sikuchukua ng'ombe. Sisi tulikuwa jikoni tunaomba. Sasa nauliza: kama Mungu anajua, basi si anajua majina yote ya kurasa nne? Mbona hayo mengine tunamsomea?

Jana jioni ukaingia ujumbe wake wa sauti. Yuko kambini, ng'ambo ya mpaka. Sauti imekonda.

"Dada Esta, munaniombeaka ile asubuhi? Mi nikiamka ile saa nasemaka, sasa banataja jina yangu, njo napata nguvu ya kusimama. Siku ya Ijumaa ufungue simu kidogo, nisikie sauti zenu."

Nikamjibu, "Tunakuombeaka kila siku, dada yangu."

Mimi, kiongozi wa maombi.

Ijumaa ni kesho. Leo kutwa nzima nimekaa kwenye cherehani na sijashona hata pindo moja. Nimekuwa nikitafuta uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza. Nitasema réseau ilikataa, mtandao haukushika. Nitasema simu ilizima. Saa sita mchana nimejikuta namwomba Mungu mvua inyeshe na kesho, ipige mabati ya kanisa kwa nguvu, Rebeka asisikie kitu. Katika wiki yote hii, hilo ndilo ombi pekee nililoliomba kwa moyo wote. Nikaona aibu mpaka nikainuka kwenye kiti.

Mvua imekatika saa tisa. Jirani mwenye sola amenirudishia simu, imejaa chaji.

Nimechukua daftari. Sikulifuta lile jina lenye mstari, libaki hivyo hivyo, kila mtu alione. Nimeliandika upya kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya majina yote, ili nianze nalo kabla woga haujanikuta. Mzee anakaa benchi ya mbele. Mama aliyefiwa na wanawe wawili kule milimani anakaa nyuma yake, na yeye sitamlaumu akifunga mdomo.

Nitalisoma. Hilo nimeshaamua. Ninachoogopa sasa ni kile kitakachofuata, maana simu itakuwa wazi mkononi mwangu, na kanisa likinyamaza, Rebeka atasikia jinsi tunavyomnyamazia.

Basi nitaitika mwenyewe, tena kwa sauti. Tulianza tukiwa wawili.