Msiba Usio na Marehemu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, mtaani huitwa Mama Turubai
Umri: miaka 52
Kazi: kukodisha viti na maturubai
Makazi: nyuma ya soko la mbao

Nimeambiwa kila nitakachosema kitaandikwa. Basi kiandikwe chote, siyo kile kinachowapendeza tu.

Mimi ni dada mkubwa wa yule fundi bomba aliyewaongoza watu kudai kiwanda kiache kumwaga uchafu kwenye maji yetu. Mnamo tarehe 3 mwezi wa pili, saa kumi jioni, wanaume wanne walimkuta kazini, wakamwingiza kwenye gari. Hajaonekana tena. Tumekuja kumuulizia hapa kituoni mpaka viatu vimeisha soli, na jibu ni lile lile, kwamba hamumjui.

Ameacha watoto watatu. Mama yao, wifi yangu, alikuwa anafua mashuka hospitalini. Wiki iliyofuata aliambiwa nafasi yake imefutwa. Shule ikawarudisha watoto nyumbani kwa ada. Mwenye duka aliyekuwa akiwakopesha unga alitembelewa na watu wa kodi, na tangu siku hiyo hana unga. Wale waliompigia ndugu yangu makofi mkutanoni wakiniona wanavuka barabara. Mla nawe hafi nawe. Ninawaelewa, lakini uchungu ninao.

Wengine walinifuata kwa siri. "Dada, moyo wa kuwasaidia hao watoto ninao. Ila nikionekana naingia pale, nitasema nimefuata nini?" Hapo nikapata akili. Kazi yangu ni misiba, na msibani mtu haulizwi amefuata nini wala kwa nini ametoa.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa nne, Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilifunga turubai mbele ya nyumba ya wifi yangu, nikapanga viti, nikaweka beseni la rambirambi mlangoni. Sikutaja marehemu. Watu walikuja kwa wingi. Mwenye duka alikuja. Mwalimu mkuu aliyewafukuza watoto naye alikuja, akatumbukiza bahasha, akasema "Poleni" huku anatazama viatu vyake. Fundi viatu wa mtaani, ambaye hakosi utani, alininong'oneza, "Mama Turubai, maiti tunaizika wapi?"

Nikamjibu, "Shuleni."

Alicheka mpaka ikabidi ajifanye analia.

Lakini wanawake walianza kulia kweli. Sikuwaomba. Nadhani kila mmoja alikuwa na lake, au walikuwa wanamlilia ndugu yangu. Kitindamimba wa ndugu yangu, mwenye miaka sita, akanivuta kanga. "Shangazi, ni baba amekufa?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Kwani umemwona?" Nikaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Saa nane mchana askari walifika. Walichukua beseni na vilivyomo, wakachukua na viti vyangu, wakanileta hapa.

Afande anayeandika haya ameniuliza nani alikufa. Nimesema sikumtaja mtu. Akagonga meza. "Huo ni utapeli! Umekula pesa za watu kwa msiba wa uongo. Ndugu yako hajafa!"

Nimemuuliza amejuaje, maana hapa hawamjui. Amechonga penseli.

Nimemwomba aandike neno lake hilo, kwamba hajafa, agonge na muhuri, nimpelekee yule mtoto. Beseni wabaki nalo, na viti pia. Mashtaka ya utapeli nitayakubali leo leo.

Nimemaliza. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: ______

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakiri ni yake. Amekataa kutia sahihi mpaka nitie yangu kwenye neno aliloomba. Neno hilo halimo katika mamlaka yangu. Ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wakati nakabidhi zamu alikuwa bado amekaa kwenye benchi.