Siku ya Mafundi Iliyoangukia Mnadani

Baba Zainabu, shikamoo.

Najua hutaniitikia, lakini mdomo umezoea.

Karakana ingali yetu! Naanza na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza. Ulipofariki, mwenyekiti wa kijiji alitaka chumba kile kiwe stoo ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Fundi hayupo, alisema, nani atakuja? Nikamwomba siku moja tu: tuwaalike watu walete vitu vyao vibovu. Wasipokuja, achukue funguo.

Sasa sikia tulivyochemka. Mimi na wanafunzi wako wenzangu tukachagua siku, tukatangaza msikitini na kanisani, tukapika na maandazi. Asubuhi, kimya. Hakuna hata kuku. Kumbe ni siku ya mnada wa korosho! Kijiji kizima cha Mkunya kiko ghalani kinasubiri kusomewa bei, na sisi wenyewe wakulima, tumesahau! Nililia, Baba Zainabu. Halafu nikakasirika. Tukabeba meza, bisibisi na maandazi, tukahamia hukohuko.

Watu walikuwa wamekaa tu. Walipotuona wakatuma watoto nyumbani, na pasi, majiko na tochi vikaanza kumiminika. Vilivyotaka umeme tukaenda navyo karakanani, wenyewe nyuma yetu, chumba kikajaa hadi mlangoni.

Mwenyekiti naye akaleta mashine yake ya kupulizia salfa, imegoma kuwaka. "Nitengenezee basi." Nikampa bisibisi. Skrubu ya kwanza anafungua mwenye kitu, si ndivyo ulivyosema siku nilipokuletea cherehani yangu? Nilikuona mjeuri kweli. Leo nakula kwa ujeuri wako, ahsante sana. Basi mwenyekiti akainama, jasho linamtoka, watu wanamtania. Ilipowaka akacheka kuliko wote. "Haya, salfa itafutiwe pengine."

Mwisho akaja Mama Zainabu na redio yenu, ile uliyomwambia "kesho, mama" mpaka ukaondoka. Fundi gani wewe! Alifungua skrubu mwenyewe. Ndani tukakuta umeshaunga nyaya zote, bado mmoja. Tukashikana tu.

Waya huo aliuunga yeye.

Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi, nikiwa na funguo hizi, hakuna atakayefunguliwa skrubu yake ya kwanza. Na Jumamosi ukimtafuta Mama Zainabu nyumbani humpati. Yuko karakanani na bisibisi yako, anafundisha.

Mwanafunzi wako,
Mama Rehema