Kaseti Mbili kwa Kadzama Moja

Kadzo Kambi,
S.L.P. 94,
Malindi.
14 Novemba 1981

Mpendwa Kaka Gona,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alinilea hivyo, si kwa sababu safari hii unaistahili. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Leeds? Ulituandikia kwamba kikohozi hakikuachi tangu ulipotoka nyumbani kwa kaka yako Kenga ukaenda kupanga chumba kisicho na joto. Basi, pole. Sisi huku tu wazima. Mguu wa Mama unamsumbua kila asubuhi, lakini bado anabeba mihogo yake mpaka sokoni na bado hakuna muuzaji anayemshinda kwa sauti. Mimi niko pale pale kwenye hoteli ya watalii, natandika vitanda vya watu na kuokota taulo zao sakafuni.

Mvua za vuli zimetukumbuka mwaka huu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yanapendeza, na yule mbuzi mweusi uliyemwacha akiwa mdogo sasa ni bibi mzee mwenye wajukuu wakorofi.

Salamu ni hizo. Sasa tafuta kiti ukae.

Kaseti zilifika. Nasema kaseti, kwa wingi, ingawa Baba Mdogo Kiponda aliwaomba moja. Aliwaandikia kwa mkono wake, naye unajua kalamu anavyoichukia, akawaeleza kwamba watu wa Masha wanaleta kadzama ya kuniposa. Labda Uingereza imekusahaulisha, kwa hiyo nikukumbushe: kile kibuyu cha tembo la mnazi cha posa hakifunguliwi mpaka ndugu wa kiume wa msichana waseme kwa kinywa kimoja kuwa wamekubali. Wakigawanyika, wageni hubeba mnazi wao wakarudi nao. Kwa kuwa Baba hayupo na ninyi wawili mko ng'ambo, wazee walikubali kwamba sauti zenu zije katika kaseti. Mlichotakiwa kufanya ni kukaa kwenye meza moja, mbonyeze kitufe, mseme tumekubali, mumsalimie Mama, basi. Mtoto wa nasari angeweza.

Siku yenyewe nyumba ilijaa. Monicah, jirani yetu, alituazima radio-kaseti ya mumewe. Mzee Dena, babake Masha, alitoka Ngomeni na ndugu zake wakiwa wamevaa kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakatika. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zetu, nimefunikwa leso mpya, natoka jasho. Nilikuwa nimemwomba Baba Mdogo tuzisikilize kaseti kwanza sisi wenyewe. Akakataa katakata. Alisema sauti ya ndugu wa bibi harusi husikika kwanza mbele ya wageni, kuionja kabla yao ni kuwakosea adabu. Kwa hiyo hakuna aliyejua mlichotutumia.

Ikawekwa ya Kenga, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alianza vizuri sana. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akasema amekubali, na shangazi zetu wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Vigelegele havijatulia, tukamsikia anasema kwamba neno la Gona lisihesabiwe, kwa sababu Gona si mtu wa kuaminika tena, amekihama chama cha wafanyakazi, Leba, amewafuata wale wakubwa wanne waliojitenga nacho, na mtu anayewasaliti wenzake kazini atawauza hata nduguze. Kisha akaanza kueleza habari za mabomu ya nyuklia. Kaka, mabomu! Kwenye posa yangu!

Baba Mdogo alidhani ya kwako ndiyo itakayoponya. Akaibadilisha haraka haraka. Nawe ukasema umekubali, asante sana, halafu ukasema Kenga asichukuliwe kuwa mkubwa wa nyumba ya Kambi, maana ametekwa akili na watu wenye siasa kali, hajui nchi inavyoendeshwa, anataka Uingereza itoke katika Soko la Pamoja la Ulaya na watu wafe njaa. Ukaendelea mpaka upande mzima ukaisha. Nilisikia kile kitufe kikiruka chenyewe, tak.

Mzee Dena ndiye aliyesema wa kwanza. Hakupandisha sauti. Alisema, "Enyi jamaa, sisi tulikuja kwa Kambi, nyumba moja. Hapa tumesikia nyumba mbili. Huu mnazi tuufungue kwa ipi?" Baba Mdogo akajaribu kuwaeleza, "Lakini wote wawili wamekubali, wenzangu, mmesikia wenyewe!" Mzee Dena akamjibu, "Wamekubali, ndiyo, na kila mmoja amesema mwenziwe si mtu." Wakabeba kibuyu chao. Masha alinitazama mlangoni kama mtu aliyefiwa, akawafuata wazee wake. Angefanya nini?

Wamesema watarudi mara moja tu, baada ya Krismasi. Wakiwakuta mmegawanyika vile vile, wataupeleka mnazi Gongoni kwa binti wa Kavumbi, ambaye kaka zake wote wanalala kwenye boma moja na hawajui kusoma gazeti. Sikuwahi kufikiri kwamba nitawaonea wivu watu wasiojua kusoma gazeti.

Sasa nikuulize, kaka yangu msomi. Hicho chama chako kipya kina nini hasa? Nasikiliza idhaa ya Kiswahili kutoka London kila jioni, nawasikia. Kwanza mlikuwa wote Leba. Wengine wakasema Leba imekwenda kushoto mno, wakatoka. Waliobaki nao wakagombana juu ya nani awe naibu wa kiongozi, si kiongozi, naibu wake, kana kwamba ni kiti cha enzi. Waliotoka wameunda chama na tayari wanawaposa Waliberali. Yaani huko hata vyama vinaposana na kukubaliana, mimi tu ndiye niliyekosa wa kunisemea. Na wakati ninyi mnavuana nguo hadharani, yule mama waziri mkuu na Wahafidhina wake wamekaa raha mustarehe, watu mamilioni hawana kazi, wala hawana mpinzani wa kuwanyima usingizi. Hayo ndiyo mnayoyapigania?

Kenga anataka kuyatupa mabomu. Wewe unataka yabaki kwanza. Kuna mmoja wenu aliyewahi kuulizwa? Kuna siku waziri alikuja pale hospitali Kenga anapofunga watu vidonda, akamwambia, Bwana Kenga, tuyaweke wapi? Na hilo Soko la Pamoja, kati yenu nani ana hata fungu la mchicha pale? Mama ana soko lake, anajua nani jirani yake na nani mwizi. Ninyi mnapigania soko ambamo hamna hata meza.

Huku kwetu chama ni kimoja, na hilo tuliache hapo hapo.

Nikwambie kituko. Juzi hotelini kulikuwa na mzee wa Kiingereza na mkewe, watu wa makamo ya bibi na babu. Nilikuwa nafuta meza yao ya barazani, moyo umejaa, nikawauliza kwa Kiingereza changu cha kuombea maji wao ni wa chama gani. Mzee akasema yeye ni Mhafidhina tangu azaliwe. Mke akacheka, akasema yeye ni Leba, na babake alikuwa Leba. Nikauliza, mnaishije? Hawakuelewa swali langu. Yule mama alikuwa anampakia mumewe siagi kwenye mkate, akaendelea kumpakia. Wenye nchi yao, wenye mabomu yao, wanalala kitanda kimoja, nami ndiye ninayekitandika. Halafu watoto wawili wa Kambi, waliokula sahani moja na kujifunika shuka moja kwa miaka yote, wanapishana barabarani Leeds bila salamu kwa ajili ya ugomvi wa watu wasiowajua hata kwa majina. Nilikwenda kulia stoo, kwenye mashuka machafu. Kisha nikacheka, maana ni upuuzi mtupu.

Nampenda Masha. Nimeliandika, sasa umelisoma. Si mwanamume wa maneno mengi, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi na mikono yake imepasuka, lakini nikiwa naye sitafuti mahali pengine pa kwenda. Sitaki kumwona akiwa mume wa binti wa Kavumbi kwa sababu nyinyi mmegundua siasa.

Ukitaka kunijibu kwamba Kenga ndiye aliyeanza, tafadhali usipoteze stempu. Yeye naye ameandika hivyo hivyo kuhusu wewe, na barua yake nimewashia jiko.

Sasa la mwisho. Katika bahasha hii utakuta kaseti yako. Mama alisema ni dhambi kutupa kitu kizima, kwa hiyo tumefuta siasa zako, naye amerekodi maneno yake mahali pake. Alikaa mkekani, akaishika ile radio-kaseti ya kina Monicah kama mtu anayeshika kifaranga, akaongea polepole kwa Kigiriama. Anaanza na utoto wenu. Kisha anafika kwenye jambo ambalo ninyi wawili hamkulisikia, kwa sababu mlikuwa tayari mmeondoka: siku ile Baba anafariki, alivyomwita kitandani, na alichomwambia juu ya Kenga na Gona. Hakuna mwingine aliyekuwamo chumbani. Hata mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji.

Mama aliponyanyua kidole akasema, "Babenu akaniambia hivi," alinipa ishara. Nikabonyeza, nikaitoa kaseti, nikaweka ya Kenga, naye akaendelea pale pale alipoachia. Yako inaishia hapo. Ya Kenga inaanzia hapo, na haina mwanzo. Nimeiposti leo, kwa anwani yake, si kwako.

Usiniandikie kuniuliza Baba alisema nini. Nimeapa mbele ya Mama kwamba sitasema, na yeye amesema hatarudia. Ukimaliza kusikiliza, kanyaga theluji yako ukagonge mlango wa kaka yako. Mkisha kusikia yote, geuzeni upande wa pili wa kaseti moja, mseme neno mlilotakiwa kusema, mtutumie hiyo moja. Ikifika kabla ya Krismasi, mnazi utafunguliwa.

Mama, Baba Mdogo Kiponda na shangazi zetu wote wanakusalimu. Monicah anakusalimu pia, na anasema mumewe hataazima tena radio yake kwa mikutano ya kisiasa. Mungu akulinde na baridi, akutulize moyo, akuoneshe mlango wa Kenga.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Kadzo