Pete ya mashini ya Mama Béa

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, nyuma ya maombi ya mangaribi

Sasa uzi wa hariri, laini vile, unakata kauri namna gani?

Leo ilikuwa siku ya kusafisha mashini za kuvuta uzi. Tukatoa gundi ya vifuko vya minyoo ya hariri na maji ya moto, tukatia mafuta kwenye magurudumu. Lakini roho yangu ilikuwa kwa Mama Béa, mwenzetu wa kazi. Kwake uzi unakatika kila siku, na shefu alisema: "Mikono yake inakwaruza, juu ya makala ya kupikia alikuwa anauzisha zamani. Siku ya kwanza, juma ikianza, atarudia kazi ya kufagia."

Nikapitisha pamba mu pete za kauri, mule uzi unapita. Pete ya Mama Béa ikashika pamba. Nikamulika na torche: kuko mufereji mudogo, umechimbwa na uzi wenyewe! Nikageuza pete, uzi upitie upande muzima. Tukawasha. Haukukatika tena.

Mama Béa akanyooshea shefu mikono: "Patron, gusa! Iko laini kama ya bébé, hein?" Shefu mwenyewe akacheka, akamuacha pa mashini yake.

Ee Mungu, na mimi nilikuwa nakuomba maneno makali ya kumujibu shefu. Kumbe pamba ilitosha.