Nusu Mita Mlangoni mwa Bandari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe, mkeo na wote wa nyumbani. Natumaini goti lako limepoa. Sisi tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote.

Jana meli kubwa iliingia bandarini na shehena yake yote. Ulikuwa ukisema kwamba serikali inamwaga kodi zetu baharini, wala sikulaumu. Miaka yote meli za namna ile zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa matishari, na saruji ikatufikia imeganda mawe. Jana ilifungwa kamba kwenye gati jipya kabla ya saa sita mchana, na makuli wakaimba hadi sauti zikawakauka.

Huenda umesikia kwamba mimi, mpima kina, ndiye niliyekataa kuidhinisha mlango wa bandari, hata ufunguzi ukaahirishwa miezi mitatu. Mkandarasi aliniita Mzee Rula, akaniuliza kama ni samaki walioniletea malalamiko. Mkurugenzi alinionya kwamba wageni wamekwisha kualikwa. Sikutetereka. Walirudi kuchimba, na pale kina kilipopungua nusu mita wakakuta mwamba. Meli ya jana ingepasuka tumbo. Sasa kila nipitapo naitwa shujaa.

Ndugu yangu, cheti cha kuidhinisha mlango ule nilikwisha kukitia sahihi. Nilichoka, nikasoma wastani, nikaviacha vipimo vyenyewe. Aliyenirudishia ni binti yako, yule uliyeapa kutosema naye mpaka aache kazi ya wanaume. Aliniamkia kwa heshima, kisha akasema, baba mkubwa, karatasi hii siipeleki popote, labda unifukuze kwanza. Nilimwita mtovu wa adabu. Hakubanduka mlangoni mpaka nilipofungua daftari la vipimo, nikaona, nikakichana cheti kwa mkono wangu. Sifa zilipokuja nilizipokea peke yangu, nami naona haya.

Leo asubuhi nimeyasema yote mbele ya mkurugenzi na wafanyakazi. Walimpigia binti yako makofi wakiwa wamesimama, na mkurugenzi ametangaza kwamba nikistaafu mwezi ujao, binti huyo ndiye atakayeshika nafasi yangu. Katikati ya shangwe aliniuliza kwa sauti ndogo kama baba amepata habari.

Meli itashusha mizigo siku nne. Njoo uione. Atakupokea yeye getini. Nimemwahidi kwamba utakuja.

Nisalimie majirani, hasa yule anayedai kwamba nilikwisha kufa.

Ni mimi,
Kaka yako